Muulize Shangazi wa Safari: Malta ya Januari kwa euro 900

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: visiwa vya Mediterania wakati wa baridi, kwa pesa ya kubana. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nilikaa miaka nyuma ya kaunta ya mapokezi ya hoteli moja huko Sliema, mji wa Malta, na mambo hayo nimeyaona kwa macho. Nyingine nimezijibu kwa kadiri zinavyohitaji.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi na mume wangu tulioana mwaka jana na fungate hatukuwahi. Tunaishi kaskazini mwa Ulaya, wote tuna vibali vya ukaazi vya nchi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Mume wangu anafanya zamu za usiku ghalani, na likizo aliyopewa ni wiki moja katikati ya Januari, basi. Tuna euro 900 za kila kitu: ndege, kulala, kula. Tunafikiria Malta kwa kuwa tiketi tumeziona ni nafuu. Zitatosha? Na je, si tutatoka kwenye baridi tukaingia kwenye baridi nyingine? Tunakula halali. — Bi Harusi wa Mwaka Jana*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongereni. Pesa itatosha. Swali la baridi ndilo zito, kwa hiyo naanza nalo.

Nje hakuna cha kukutisheni. Mchana wa Januari Malta unafika nyuzi 15 au 16, usiku unashuka hadi 9 au 10, na theluji hamtaiona. Baridi ya Malta iko ndani ya nyumba. Majengo yao ni ya mawe ya chokaa, dari ziko juu, sakafu ni vigae, madirisha hayabani vizuri. Yamejengwa kumkinga mtu na jua la Agosti, na kazi hiyo yanaendelea kuifanya hata Januari, kama mtungi. Ule mfumo wa mabomba ya moto ukutani mliouzoea huko kwenu, nyumba nyingi hazina. Mgeni anatembea nje koti limefunguliwa, akirudi chumbani anavaa soksi juu ya soksi. Pale mapokezi, ikifika saa 2 usiku, nilikuwa nawaona wanashuka ngazi na blanketi mabegani kuulizia hita ya ziada. Hita zenyewe zilikuwa za kuhesabu; aliyewahi ndiye aliyepata. Na kiatu kikilowa mvua ya Jumatatu, Jumatano bado hujathubutu kutia mguu.

Basi kabla hamjalipa, mwandikieni mwenye chumba na mumuulize waziwazi: kiyoyozi kinatoa joto, au ni cha kupooza tu? Umeme umo ndani ya bei, au anasoma mita mkiondoka? Dirisha linaelekea kusini, linapata jua? Chumba kiko ghorofa ya ngapi? (Cha chini kabisa, kinachotazama uani, kikimbieni hata akiwapa bure.) Kisha someni maoni ya waliolala hapo Januari na Februari. Sifa za mtu aliyelala Julai hazikuhusu. Mwenye chumba akikujibu kwamba blanketi zipo za kutosha, mshukuru, utafute kwingine.

Jambo la pili ni mahali. Watu wengi hufanya kosa la kuchagua kisiwa kwa picha ya ufuko, na ufuko Januari ni upepo na vibanda vilivyofungwa. Wakati wa baridi lala panapoishi watu. Pale mkate unaokwa kila asubuhi kwa sababu wenyeji wanakula, basi linapita kwa sababu wenyeji wanakwenda kazini, na mkahawa haufungwi eti wageni wameondoka. Malta ina bahati hiyo: kisiwa ni kidogo, watu wamejaa, na miji haifi msimu wa wageni ukiisha. Mellieħa ina ufuko mzuri wa mchanga, mwachieni Julai. Buġibba vyumba ni rahisi, na wazee wa Kiingereza hujaa huko kukwepa baridi ya kwao, lakini kufika Valletta, mji mkuu, kwa basi hula karibu saa nzima, na kurudi vilevile. Mimi ningewapeleka Gżira, au mitaa ya nyuma ya Sliema, barabara mbili tatu kutoka baharini. Kutoka hapo mnatembea hadi kwenye boti ya kuvukia Valletta, na usiku kuna mwanga na watu njiani.

Hesabu naiona hivi. Tiketi za wawili, mkibeba vibegi vidogo vinavyoingia chini ya kiti, tengeni 160. Kumbukeni kuwa tiketi nafuu huacha kuwa nafuu pale mtu anapoongeza sanduku. Koti na buti vaeni mwilini. Chumba cha wawili chenye joto la uhakika, tuseme 50 kwa usiku, siku saba ni 350. Mabasi tengeni 50 kwa wote wawili: ipo kadi ya siku saba ya kupanda bila kuhesabu, na kwa wanaokwenda huku na huko inalipa. Viingilio 80. Zinabaki 260 za kula, yaani euro 37 kwa siku. Hapo mtakula, ila si kila mlo mezani kwa mhudumu. Ndiyo maana chumba chenye jiko hata la sahani moja kina thamani kuliko chenye kifungua kinywa cha bure.

Chakula cha mtaani cha Malta ni pastizzi: unga wa tabaka nyingi, wenye kuvunjikavunjika, ndani jibini laini ya ricotta au njegere zilizopondwa. Ile ya jibini ina mdomo wazi katikati, ya njegere imefumbwa pembeni, hivyo utaijua kabla hujaiuma. Inatoka kwenye oveni, inatiwa kwenye karatasi, na kabla hujafika kona karatasi imeshaangaza kwa mafuta. Bei yake bado ni ya mtu wa kawaida, na mbili zinamshibisha mtu hadi jioni. Lakini nyinyi mnakula halali, kwa hiyo ulizeni kwanza: unga wa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ingawa siku hizi wengine wanatumia majarini. Muuzaji hakasiriki kuulizwa, swali hilo amelizoea. Samaki na dagaa hawana shaka, na maduka ya Waarabu na Waturuki yenye nyama halali yapo. Ijumaa, msikiti uko Paola, basi kutoka Valletta halichukui muda.

Na kwa kuwa mtakuwa Paola: hapo hapo chini ya mtaa wa kawaida kabisa, kuna Ħal Saflieni, makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba na watu walioishi kabla ya mapiramidi ya Misri kujengwa. Yaligunduliwa mwaka 1902 mafundi wakichimba visima vya nyumba. Wanaingizwa watu 10 kwa mkupuo, 80 kwa siku, ili pumzi zetu zisiharibu rangi nyekundu zilizochorwa kwenye dari. Tiketi si rahisi na huisha wiki nyingi kabla, hata Januari. Mkitaka, kateni siku ile ile mnayokata ndege, na mjue zitakula sehemu kubwa ya ile 80. Msipotaka kutoa pesa hiyo, mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra ni ya zama hizo hizo, yako juu ya jabali linalotazama bahari, na basi linafika.

Valletta yenyewe haidai kitu. Bustani ya Upper Barrakka ni bure. Kila siku saa 6 mchana mzinga unapigwa kwenye ngome iliyo chini yake, na wa juu anaona sawasawa na aliyelipa chini. Kanisa la Mtakatifu Yohana lina kiingilio, na Jumapili haliingizi watalii, lakini mkipenda picha za kuchora lipieni: ndani mna mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608 wa kuuawa kwa Yahya (Yohana Mbatizaji), na ndio mchoro wake pekee aliotia sahihi, kaiandika ndani ya damu inayomwagika. Mdina ni mji wa kuta, wa kuzurura jioni. Jumapili asubuhi kuna soko la samaki Marsaxlokk, na zile mashua zenye macho mawili yaliyochongwa kwenye omo.

Gozo, kisiwa jirani, ndiko mtakakopenda, ninavyowafikiria. Basi namba 41 au 42 kutoka Valletta linawafikisha bandari ya Ċirkewwa, feri inavuka kwa kama dakika 25, na nauli hailipwi wakati wa kwenda, inalipwa mkirudi. Msiiweke siku ya mwisho. Januari huvuma upepo wa kaskazini mashariki, wenyewe wanauita grigal, na ukichachamaa boti ndogo ya haraka kati ya Valletta na Gozo husimama kwanza, mara nyingine hata feri kubwa. Nilishapokea wageni waliolala Gozo bila kupanga na ndege yao imekwisha ondoka. Angalieni utabiri wa upepo usiku wa kuamkia, siku ikiwa tulivu nendeni hiyo hiyo. Na yule atakayewapigia hadithi za tao la mawe baharini, liitwalo Azure Window, mwambieni lilianguka na dhoruba ya Machi 2017. Yamebaki maji.

Jambo moja linalonifanya niwasifie Januari kuliko Julai: kisiwa ni kijani. Kiangazi Malta ni vumbi na mawe, rangi moja toka huku hadi kule. Mvua zikianza Oktoba, majani yanatoka, na Januari mashamba yamefunikwa na maua ya njano kila penye upenyo kati ya kuta za mawe. Nendeni majabali ya Dingli mchana, mtembee pembeni yake. Rudini mapema, jua linazama kama saa 11 na robo jioni na mabasi ya huko hayaji kila saa unapotaka. Basi likija nyoosheni mkono, msiponyoosha linapita.

Pasipoti na kadi ya ukaazi vyote viwili mkononi, kadi peke yake haitoshi. Na mchukue adapta: plagi za Malta ni za pini tatu za Kiingereza.

*Shangazi shikamoo. Nimeona fleti Malia, kisiwa cha Crete, hatua chache kutoka ufukweni, euro 22 kwa usiku mwezi Februari. Kwenye picha kuna bwawa la kuogelea. Nilipe leo? Ofa inaisha usiku. — Mwanafunzi*

Marahaba. Usilipe. Februari bwawa hilo halina maji na nusu ya mji una mbao madirishani. Malia ni mji wa kiangazi. Kuanzia Novemba hadi karibu Aprili hoteli zinafungwa, mikahawa inafungwa, na wewe utabaki na funguo zako na paka wa mtaani. Hiyo "ofa inaisha usiku" nayo, mwanangu, kesho utaikuta.

Ukitaka Crete ya baridi, na ni safari nzuri, lala Heraklion au Chania. Heraklion ina jumba la makumbusho lenye vitu vya Waminoa, watu wa kale wa Crete, kati yake kile kisahani cha udongo cha Phaistos ambacho maandishi yake hakuna aliyeyasoma bado, na Knossos, kasri lao la kale, ni mwendo wa basi la mjini. Chania ni nzuri zaidi kwa macho: bandari ya Waveneti, soko, na nyuma yake milima inayozidi mita 2,400 imevaa theluji huku chini machungwa yanaiva mitini. Korongo la Samaria usiliweke kwenye ratiba; majira ya baridi linafungwa kwa sababu ya mafuriko na mawe yanayoporomoka.

Kufika, angalia ndege hadi Athens kisha feri ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Inaondoka jioni, inaingia Crete alfajiri, na umeokoa pesa ya kulala usiku mmoja. Chukua kiti, si chumba cha kulala, kama mgongo bado ni wa ujana. Upepo ukizidi meli huzuiwa kutoka bandarini, kwa hiyo acha siku moja ya kuvuta pumzi kabla ya ndege ya kurudi.

*Bwana asifiwe Shangazi. Nina watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Shule inanipa Krismasi au wiki ya katikati ya Februari, sina nafasi nyingine. Malta inafaa watoto wakati huo? Nisiende wakakaa chumbani mvua ikinyesha. — Mama wa Wawili*

Amina, mama. Chukua Februari. Krismasi ina uzuri wake, nyumba zinaweka mapango ya Noeli madirishani na kule Għajnsielem, Gozo, huigizwa Bethlehemu nzima uwanjani, watu na punda na kondoo. Lakini tiketi za siku hizo hazina huruma, na Desemba ni kati ya miezi ya mvua nyingi.

Februari ina mambo mawili. Tarehe 10 ni sikukuu ya Mtakatifu Paulo kuvunjikiwa na jahazi. Ni siku ya mapumziko kisiwa kizima, na sanamu yake inapitishwa mabegani kwenye mitaa ya Valletta, makaratasi yakimwagwa kutoka madirishani. Watoto wasomee kabla Matendo ya Mitume sura ya 28: wenyeji waliwakokea moto manusura kwa sababu ya mvua na baridi, na Paulo akakaa huko miezi mitatu kabla ya kupata meli. Huyo ndiye mgeni wa kwanza wa msimu wa baridi Malta, na malalamiko ya hali ya hewa yalikuwa yale yale. La pili ni kanivali, siku zinazotangulia Jumatano ya Majivu, kwa hiyo tarehe inabadilika kila mwaka; angalia kalenda. Magari ya mapambo yanapita Valletta na watoto wa kule wanavaa mavazi ya kila aina. Ya Nadur kule Gozo ni ya usiku, vinyago vya kutisha na utani mzito wa watu wazima. Wako usiwapeleke.

Kwa siku ya mvua kuna Esplora, Kalkara, kituo cha sayansi ambako mtoto anashika na kuchezea kila kitu. Nusu siku inaisha bila kilio. Ħal Saflieni sahau, hawaingizi aliye chini ya miaka 6, na huyo wa miaka 5 hutamwacha mlangoni. Tafuta fleti yenye mashine ya kufua na mahali pa kuanikia ndani. Nguo za watoto zikilowa hazikauki. Maswali ya hita niliyompa Bi Harusi, uliza yote, mara mbili.

*Shangazi, hao wenzangu wanaishi Ulaya. Mimi siishi huko, nahitaji viza. Nianze wapi? — Niko Nje*

Ombi la viza ya Schengen hupokelewa mapema miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usingoje huo mwisho: uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kuvutwa hadi 45, na miadi yenyewe ina foleni. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, aliye chini ya 6 halipi. Ukinyimwa hairudi. Bima iwe na kinga ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipitia Roma usiku mmoja na Malta sita, ombi ni la Malta.

Chumba kata kile kinachofutika bure. Ndege weka nafasi tu, usilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa. Wapo watakaokuambia tiketi iliyolipwa inampendeza ofisa. Ofisa anatazama taarifa yako ya benki na sababu ya wewe kurudi nyumbani.

*Shangazi, swali fupi. Januari bahari inaogeleka? — Samaki*

Maji ni nyuzi 16 hivi, na Machi hayajapanda. Wako wazee wa Sliema wanaoingia kila asubuhi mwaka mzima, wanapiga dakika chache, wanatoka wamewiva kama nyanya na wanakucheka ulivyovaa. Ukitaka kuwafuata, ingia wanapoingia wao na siku ile wanayoingia. Wakisimama ukingoni wanatazama mawimbi wakageuka, nawe geuka. Miamba ile ina ukungu wa kijani unaoteleza, na mgeni huumia wakati wa kutoka zaidi kuliko wa kuingia. Viatu vya mpira vya maji, taulo nene, na mtu wa kukushikia koti.